Keki Mezani kwa Diep

Tokyo, 4 Novemba

Dada Fumie mpenzi,

Natumaini hujambo, na goti la mama limepata nafuu licha ya baridi hii. Mimi mzima wa mwili; roho ndiyo mgonjwa.

Mwongozaji Sugawara amekusanya watu wa kila aina tutengeneze filamu ya katuni, ya bibi mwenye hamamu ya mtaa, bafu la kuogea watu wote, inayofungwa. Yumo muuza samaki wa zamani, yumo nesi mstaafu, na yumo Diep, msichana wa Hanoi. Hakuna anayejua hadithi itaishaje, na mzee Sugawara anasema ndivyo apendavyo. Diep akitoa wazo, anacheka na kuandika. Nikitoa mimi niliyemchorea miaka yote hii, anaitikia kwa kichwa tu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone; mwenyeji ndiyo kwanza naugua. Yule ambaye mwisho wake utachaguliwa ndiye atakayekuwa msaidizi wa Sugawara. Namwonea wivu Diep, dada, sikufichi.

Mdogo wako,
Chizuru

Tottori, 11 Novemba

Chizuru mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mama hajambo, analalamika tu kwamba mapeasi ya mwaka huu hayana utamu, kama alivyolalamika mwaka jana.

Kwani umemsahau baba na mikutano yake ya mtaa? Mambo yalikuwa yamekwisha kabla watu hawajaketi. Mzungukie kila mtu mezani kwake, kaa naye, mpe keki tamu za maharage za kwetu, mweleze mwisho wako mpaka akubali. Anza na huyo Diep. Akikubali faraghani, hatakupinga hadharani. Keki nimezituma.

Dada yako,
Fumie

Tokyo, 2 Desemba

Dada,

Hamjambo huko? Nisamehe kwa kimya. Nilifanya ulivyosema. Mkutanoni nikaeleza mwisho wangu: mjukuu anarudi, anawasha tanuri la kuchemshia maji, hamamu inafunguliwa tena. Wote wakaitikia, Diep naye. Nilifurahi, nikamtazama Diep usoni ili aone.

Sugawara akauliza nani ana wazo jingine. Wote wakanitazama mimi. Akamuuliza Diep kwa jina. Diep akatazama chini. Ndipo mzee akasema, "Niliwakusanya mniambie nisichokijua. Kama wote mna neno moja, ningemwita mmoja." Kikundi amekivunja, na filamu hakuna tena. Kibali cha Diep cha kuishi nchini kilitegemea kazi hii, kwa hiyo anarudi kwao.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Nilikuwa na mwisho wangu. Lakini ulikuja ukakaa na mimi. Tangu nifike hakuna aliyewahi kukaa. Nikaona nisimwangushe rafiki yangu."

Mdogo wako,
Chizuru

Tottori, 6 Desemba

Mdogo wangu,

Pole. Na mimi ndiye niliyekufundisha. Mama anauliza kwa nini sili. Niambie, mwisho wake ulikuwa upi?

Dada yako,
Fumie

Tokyo, 9 Desemba

Dada,

Msalimie mama, nawe ule.

Jana nilimsindikiza Diep kununua sanduku la safari, nikamuuliza. Mwisho wake ni huu: siku ya mwisho ya hamamu, bibi anawatoa wateja wote, kisha anaoga yeye mwenyewe, bila haraka, kwa mara ya kwanza. Wao wanamngoja nje kwenye theluji, wamemshikia taulo.

Ni mzuri kuliko wangu. Nililia pale dukani, akanibembeleza yeye. Na hata aliponibembeleza, dada, nilikuwa namwonea wivu.

Mdogo wako,
Chizuru