Yale niliyoyaruka nilipomsomea Saumu

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na barabara za mtaani kwetu Sharpstown, huku ughaibuni, zimejaa maji kingo hadi kingo. Siku nyingine ningeandika kwamba niliendesha gari juu ya maji kama meli. Leo nimekwenda polepole nyuma ya basi la shule, moyo umelegea kama mkate uliotumbukia chaini.

Nina aibu. Naiandika mapema kabla sijaigeuza hadithi.

Mnaosoma hapa mnajua ninavyosimulia. Kile kimbunga nilichokipita nikiendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikombe cha chai: chai ilikuwa ya kweli. Kazi yangu ni kuwapeleka wagonjwa wa figo wakasafishwe damu, kisha kuwarudisha kwao. Na shule niliishia darasa la saba. Hilo sijawahi kuliandika.

Saumu ni binti wa dada yangu Mwanaisha. Wanakaa Plano, mwendo wa saa nne kutoka kwangu. Tangu utotoni anaona mwanga na kivuli tu, basi. Ana shahada ya Kiswahili aliyokuja nayo kutoka nyumbani, na sasa ni mkalimani wa simu: daktari anasema Kiingereza, mgonjwa wetu anasema Kiswahili, na Saumu yuko katikati, ameketi chumbani kwake. Anataka shahada ya uzamili ya isimu na tafsiri, asome akiwa nyumbani. Plano bila gari ni kama umefungwa miguu, na mama yake yuko zamu kutwa nzima.

Kwenye harusi moja kule Sugar Land nilimsikia akiwauliza watu habari za vyuo. Nikadakia, tena kwa sauti:

"Niachie mimi! Profesa mzima namchukua kwenye gari langu kila wiki. Simu moja tu, mlango unafunguka."

Profesa huyo ni mzee mgonjwa aliyewahi kufundisha watoto kuogelea. Aliniandikia jina la chuo alichosoma mwanawe. Ndio mlango wenyewe huo.

Kwetu mjomba akishasema "niachie mimi," mpwa haendi kutafuta kivyake. Ni kama kumtangaza kuwa hafai. Mwanaisha alimwambia mwanawe, "Usimvunjie mjombako heshima." Basi Saumu, ambaye kompyuta yake humsomea kila kitu kwa kasi ambayo mimi siwezi hata kuisikia vizuri, akakaa kunisubiri mimi.

Nikakiomba chuo hicho maelezo, kikaniletea karatasi nne kwa posta. Nikampigia simu nikiwa maegeshoni, nikamsomea huku natafsiri. Nikikuta neno refu ninalolijua, nalitamka kwa mbwembwe. Nikikuta nisilolijua, nasema "na kadhalika, na kadhalika," nahamia mstari mwingine.

Akaniuliza mara mbili: "Mjomba, hakuna pahala wanataka niende chuoni?"

"Wapi! Utasoma umelala kitandani, miguu juu."

Sikuwa nimepaona pahala hapo. Sikuwa nimepaona pahala pengi.

Aka-apply. Wakamkubali. Jumamosi iliyopita Mwanaisha akapika pilau ya watu arubaini, nami nikaenda huko Plano na kanzu yangu ya Idi, karatasi zangu nimezitia kwenye bahasha ya plastiki ili wageni wazione. Kufikia sahani ya pili yule profesa alishakuwa mkuu wa chuo, na mimi nilishamwokoa asife kwenye barabara kuu.

Saumu akanigusa kiwiko. "Mjomba, njoo unisaidie sinia jikoni."

Jikoni hakukuwa na sinia. Aliomba karatasi ya pili, akailaza mezani, akaipiga picha, na simu yake ikaanza kuisoma kwa sauti ya mwanamke mwenye haraka zake. Akaisimamisha, akanifasiria taratibu kama anavyowafasiria wagonjwa. Kila mwanafunzi sharti ahudhurie chuoni wikendi mbili kila mwezi. Chuo kiko mwendo wa saa sita kutoka kwao.

"Hapa," akasema, "ndipo uliponiambia na kadhalika."

Nikasema maandishi ni madogo mno. Nikasema miwani nilikuwa nimeisahau.

Namlalamikia nani habari za macho?

Akacheka kidogo. "Mjomba, kazi yangu ni kusikiliza. Mtu akitaka kuruka neno, namsikia anavyovuta pumzi. Nilikujua tangu ukurasa wa kwanza. Na ratiba yao imenifikia wiki mbili sasa."

"Mbona hukusema?"

"Ningeanzia wapi? Ulishawaambia Sugar Land nzima."

Kuna chuo kingine, alikipata mwenyewe kimyakimya. Kinafundisha kwa mtandao mwanzo hadi mwisho, na vitabu vyake mashine yake inavisoma. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa hii. Lakini akiikataa nafasi ya kwanza atamwambia nini mama yake? Mwanaisha ashasema kaka yake amehangaika, na mtoto hakatai jasho la mkubwa.

"Mimi siwezi kumwambia," akasema Saumu. "Wewe unaweza."

Nikamwahidi. Kisha nikarudi sebuleni, nikakaa, watu wakaniombea dua kwa wema wangu.

Nikaitikia amina.

Jumapili sikusema. Jana sikusema. Kwenye kundi la ukoo simuni pongezi zinamiminika, nami nazijibu kwa vidole gumba.

Leo mchana, mgonjwa wangu akiwa ndani kwenye mashine, nimempigia Mwanaisha saa yake ya mapumziko.

"Kaka Athumani! Nawasimulia wenzangu habari zako hapa hapa."

"Usiwasimulie. Mwanaisha, zile karatasi sikuzisoma zote."

"Ulikuwa na haraka zako za kazi."

Alinifungulia njia. Ningesema ndiyo, ningepita nayo.

"La. Sikuzielewa. Pale nisipoelewa nilimdanganya mtoto, na chuo hicho hakimfai. Kuna kingine amekipata. Mwache atume kabla ya Ijumaa."

Nikamsikia akisogea mbali na wenzake.

"Na yule profesa?"

"Mwalimu wa kuogelea."

Hakucheka. "Watu arubaini, Athumani." Lile neno kaka limeanguka hapo hapo. "Atume. Na kwenye kundi utaeleza wewe, kwa sauti yako."

Nimerekodi mara tatu. Mara ya kwanza nilijisikia nasema karatasi zililowa mvua. Ya pili, miwani. Ya tatu ilikuwa fupi, nikaituma. Kumi na saba washaisikiliza. Hakuna aliyejibu, hata kidole gumba.

Magharibi Saumu akapiga simu. Ashatuma. Kukubaliwa hajui, anasubiri kama wengine. Nikamwomba anitumie ukurasa mmoja wa chuo hicho. Si kwamba anahitaji nimsomee. Mimi ndiye niliyehitaji kusoma.

Nikaanza. Mstari wa tatu nikakuta neno limelala pale kama gogo. Nikavuta pumzi. Upande wa pili Saumu ananisubiri tena.

"Hapa sijui," nikasema.

"Haya, Mjomba. Herufi kwa herufi."

Tukalimaliza. Kesho nina wagonjwa watatu wa kuwachukua, na neno moja la kulikumbuka.