Wageni wa Nekesa Wamekula Nyumbani

Mama Nekesa,

Usiniulize kwa nini nimekaa kimya muda huu wote. Nilikuwa na hasira na wewe. Mtu haondoki hivyo katikati ya msimu wa mvua, wakati jirani yake ameshapanda sukuma wiki ya nyumba mbili. Lakini leo lazima nikuandikie, kwa sababu jana wakwe walikuja kumuomba Nekesa, na nakujua, hapo ulipo unataka kusikia jambo moja tu: walikula nini na nani alipika.

Walikula nyumbani kwako, hapa hapa Section 58. Nilipika mimi.

Sasa tulia nikueleze, maana haikuwa rahisi.

Kijana anayemchumbia Nekesa aliposema watu wake wako tayari kuja rasmi, wifi yako alifunga safari kutoka Bungoma. Huyo ambaye Nekesa anamwita Senge, dada ya marehemu mume wako, unamfahamu kuliko mimi. Alifika na kikapu chake na maamuzi yake tayari. Alisema wewe hupo tena na jikoni hakuna mwenyewe, kwa hivyo wageni wapelekwe hotelini, au waitwe watu wa kupika sherehe waje na sahani zao na aproni zao. Nilipomwambia kwamba mimi nipo, alinitazama kwa huruma. "Asante, Mama Njoki," akasema, "lakini hii ni mambo ya familia."

Iliniuma. Siwezi kukudanganya, iliniuma sana. Tumepakana mlango na wewe tangu Njoki na Nekesa wakiwa watoto wa kubebwa mgongoni. Krismasi gani uliyopika bila mimi? Ubatizo gani? Njoki alipohitimu, ndugu zangu waliteremka kutoka Dundori wakiwa na magunia ya viazi, wakakukuta unasonga ugali wa wimbi, wakanong'onezana kwamba ugali si chakula cha sherehe. Wewe uliwasikia na ukaendelea kusonga. Jioni walikuwa wanakwangua sufuria, na wewe ukasema kwa sauti kwamba afadhali ugali kuliko mukimo wetu wa viazi, chakula kilichopondwa mapema kwa ajili ya watu wasiotaka kutafuna. Kaka yangu mpaka leo anacheka akikumbuka.

Basi nilimweleza Senge maneno yako. Nilimwambia kuhusu ile siku ulipokuwa umeketi mlangoni kwangu na blanketi magotini, unachambua maharagwe ilhali nilikuwa nimekukataza, na ukaniambia, "Wageni wa Nekesa wasile chakula cha kuletwa na gari." Nilikujibu uache mambo hayo, kwamba utapika mwenyewe. Ulinitupia haragwe bovu.

Senge akakubali, ila akanionya. Alisema jambo lolote likiharibika, aibu haitakuwa yangu. Atabebeshwa Nekesa, na ataenda nayo kwa watu wale, na itatajwa kila wakikosana naye: kwamba alitoka katika nyumba isiyokuwa na mama wa kumwelekeza. Hapo nilielewa kwamba huu si mchezo.

Kwa hivyo tulianza kazi. Kaka yangu alileta viazi, vile vya unga vinavyokubali kupondwa. Nilichuma majani ya malenge mwenyewe, nikayachagua moja moja. Mawe yako matatu ya nyuma ya nyumba yalikuwa yameanza kuota nyasi, nikayasafisha. Nekesa alienda kutoa ile sufuria yako kubwa chini ya kitanda, nikamkuta ameinamia ndani yake analia. Nilimwacha alie kidogo. Halafu nikampa waya wa kusugulia. Ni mtoto mzuri, aliisugua mpaka ikang'aa, na machozi yakaisha yenyewe.

Siku yenyewe niliamka nikiwa na nguvu ambazo sijui zilitoka wapi. Mukimo ulishika vizuri. Chapati zilitoka laini. Kuku walikuwa wa kienyeji, na niliwachoma manyoya kwa moto na kuwakausha moshini jinsi ulivyonifundisha, bila haraka. Watoto wa Njoki walikuwa wananizunguka wakiomba chochote, unajua watoto na harufu ya nyama. Nikafanya ninavyofanya kwangu siku zote. Nilitoa filigisi zote, nikazichoma na chumvi, nikawagawia ili wanipishe.

Ndiyo. Filigisi zote.

Najua umeshika kichwa. Lakini nani aliniambia? Miaka yote nilimwona baba Nekesa akipewa filigisi mezani nikadhani ni uroho wake tu, na kwamba wewe unamdekeza. Kwetu filigisi ni kitu cha kumnyamazishia mtoto.

Senge aliingia jikoni kukagua. Alifunua sufuria ya kwanza, ya pili, akachota na mwiko hadi chini. Akauliza filigisi ya mzee wa wageni iko wapi. Nikasema nimewapa watoto, tena kwa sauti ya mtu anayetarajia kusifiwa. Mama Nekesa, uso wa wifi yako ulibadilika. Alikaa juu ya debe akaanza kunieleza polepole. Kwamba mkuu wa wageni akifunua bakuli la kuku akose filigisi, ameambiwa bila maneno kwamba yeye si mtu hapa. Kwamba anaweza kuinuka na watu wake wote wakamfuata. Na wageni wakati huo walikuwa wameshavua makoti, tayari wako sebuleni.

Nilisema tutume mtu kwenye duka la kuku, filigisi zinauzwa kwa kilo. Senge alinitazama tu. "Ya broila?" akasema. "Huyo mzee ataijua kabla ya kuiweka mdomoni."

Nilitoka nje. Pale karibu na tangi alikuwa jogoo wako, yule mwekundu mwenye kiburi. Tangu uondoke mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha. Nilikuwa nimeapa hakuna atakayemgusa, hata Krismasi, kwa sababu akiwika alfajiri nilikuwa naona kama bado uko na utatoka kumfukuza kwa ufagio. Nilimwangalia. Naye akaniangalia kwa jicho moja.

Nisamehe. Nilimkamata. Nililia nikimnyonyoa, na sikuacha kunyonyoa.

Jogoo wa umri ule haivi upesi, unajua. Ilibidi wageni washikiliwe. Tuliwapa chai na mkate, tukawaongezea chai, kisha Senge akamnong'oneza shemeji yako Wafula atambulishe jamaa. Yule Wafula ambaye wewe na mimi tulikuwa tunamkimbia kwenye mazishi kwa sababu hawezi kumaliza hotuba! Jana alikuwa zawadi kutoka mbinguni. Alianza na babu yao aliyekuja hapa Nakuru na kazi ya reli, akapitia ndoa zote na watoto wote, hata waliohamia Molo hakuwaruka. Nilikuwa nachochea kuni na kuomba asikohoe. Senge alivua kitambaa chake cha heshima, akapiga magoti mbele ya mawe, akapuliza moto pamoja nami. Tulikuwa wawili wenye majivu usoni, na hakuna aliyemwita mwenzake jirani.

Bakuli la mzee lilipelekwa mwisho. Mimi na Senge tulisimama nyuma ya pazia la jikoni tukachungulia kama wasichana. Alifunua. Alitazama kwa muda, halafu akaishika filigisi kwa vidole, akaikata, akala nusu na kumpa nusu aliyekaa naye. Akasema wameingia kwa watu. Senge alinifinya mkono mpaka nikaumia.

Walikula, Mama Nekesa. Walirudia. Mukimo uliisha kabla ya nyama, na nisamehe kwa kusema hivyo, lakini iandikwe. Walipomaliza, mzee akasema hawawezi kuondoka bila kumwona mama aliyewapikia. Mimi nikajificha. Nilijua wanayemuulizia ni mama wa msichana, na mama wa msichana ni wewe. Nilitamani sana ungekuwepo wakati ule. Hapo ndipo hasira yangu yote iliporudi, nikasimama pale na kitambaa cha sufuria mkononi nikikulaumu.

Senge alinisukuma. Nilitoka na mikono yenye maji, nikawasalimia wazee mmoja mmoja, mpaka nikamfikia kijana mwenyewe, mchumba wa Nekesa. Nikamnyooshea mkono kama nilivyowanyooshea wengine. Hakuupokea. Aliinuka, akarudi nyuma mpaka ukutani, akainamisha macho chini. Nilidhani mikono yangu inanuka vitunguu. Nilidhani ameniona mimi si wa kwao, na kwamba yote niliyofanya tangu alfajiri hayakunifikisha popote.

Ndipo Senge akanijia nyuma, akaniambia sikioni:

"Hiyo mkono rudisha. Kwetu mkwe hampi mkono mama wa msichana."

Sijui nilirudije jikoni. Nekesa alinifuata na tukakumbatiana pale kando ya moto.

Leo asubuhi Senge ameondoka. Ameniachia kikapu chake, na ameniagiza nimpigie simu tarehe ya harusi ikijulikana, kwa sababu anataka tupike wote. Nimemkubalia. Watu wa aproni hawataingia hapa. Nekesa akijifungua nitamchemshia uji mimi, na mtoto wake nitamlisha mukimo kwanza, unune ukitaka. Krismasi nitawasha moto kwenye mawe yako, na ugali wa wimbi nitausonga hata ukitoka mabonge, mpaka siku utakapotoka sawa.

Hasira imepungua. Haijaisha, lakini imepungua. Lala salama sasa, rafiki yangu, umefanya kazi ya kutosha. Huku niachie. Na yule kijana wetu, nakuahidi, mpaka siku nitakapozikwa sitampa mkono.

Ni mimi,
Mama Njoki