Mshale Ulisema Sitini

Gerejini, nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu za mdogo wako, Profesa wa Matairi, mtu aliyevuka mipaka mitatu, akalala bandari mbili, na mpaka leo hajapata mwanamke wa kumvumilia. U hali gani? Mgongo unaendeleaje? Na wale wazee unaowaogesha na kuwalisha huko, bado yule mmoja anakuita kwa jina la marehemu mkewe? Wewe muitikie tu. Thawabu haiulizi jina.

Huku tunapumua. Mama goti linamsumbua baridi ikiingia, ila mdomo wake uko salama kabisa, jana amenigombeza mara nne kabla ya chai. Binti yako ametoka wa tatu darasani. Nikamwambia akili hizo ni za mjomba wake. Akaniuliza, "Mjomba, si wewe uliishia darasa la saba?" Ulimi huo najua alikourithi.

Sasa utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ninayo. Simu ungeikata kabla sijafika katikati. Halafu mimi nikifungua mdomo huwa napenya kati ya maneno kama maji, mwishowe nakuchekesha na jambo lenyewe linapita pembeni. Karatasi haicheki. Mwenzako huyu anayerudi kazini baada ya likizo ameniapia ataikabidhi mkononi mwako. Basi kaa chini kwanza.

Ni habari ya mumeo na ile ajali.

Najua hujazungumza naye wiki ya tatu sasa. Najua ulivyosikia: kwamba asubuhi ile askari wa barabarani alimsimamisha akiwa sabini na moja mahali pa sitini, akamwonya, na saa moja baadaye pikapu ikalala mtaroni na yeye akavunjika mguu. Mama alikuwa kando ya kitanda chake hospitalini ulipompigia. Alikusikia ukimwambia anataka kukuachia yatima kwa haraka ya kokoto. Naye mumeo akakujibu neno moja tu, "Nisamehe." Dada, alikuwa anaomba msamaha wa kosa langu.

Nianze mwanzo. Unakumbuka barabara ya machimbo ilivyokuwa inakwangua tumbo la pikapu ile. Mumeo akaniomba niiinue. Nikaiinua inchi mbili, kazi safi, hata mafundi wenye vyeti walikuja kuchungulia chini wakaondoka kimya. Hapo sikukosea, na hilo nitalisema hata mbele ya hakimu. Nilikosea tulipokwenda dukani kuchagua matairi.

Yeye alitaka ya inchi thelathini. Mama muuza matairi, yule wa miwani iliyofungwa kwa uzi, akamuunga mkono. Akanionyesha karatasi ya vipimo ukutani, akasema, "Fundi, ukiinua inchi mbili usipite thelathini na moja. Na hata hayo, pakia mzigo kwanza, zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, ndipo uniambie yanakaa."

Duka lilikuwa limejaa watu. Unanijua mbele ya watu. Nikacheka, nikamwambia, "Mama, karatasi hiyo kaiandika mtu ambaye hajawahi kuchafua kucha. Kipimo changu mimi ni hiki." Nikainua kiganja. Kisha nikamgeukia mumeo: "Shemeji, jitu zima limerefushwa miguu, halafu unalivalisha viatu vya chekechea?" Watu wakaangua kicheko. Akasema, "Waache wacheke. Mimi nabeba kokoto, sibebi bibi harusi." Sikumwachia. Nilimchombeza na kumzomea mpaka akakubali ya thelathini na tatu. Alikubali kwa sababu ananiamini, na hilo ndilo linalonikosesha raha mpaka leo.

Tulipofika gerejini nikayafunga. Nikaingiza vidole vinne kati ya tairi na madigadi, lile bati linalofunika gurudumu. Vikapita. Nikatangaza kazi imekwisha. Lakini pikapu ilikuwa tupu, imesimama mahali tambarare kama meza, magurudumu yametazama mbele. Usukani sikuuzungusha. Kokoto sikupakia hata moja. Nilimpima mtu suti akiwa amesimama, sikumwambia hata mara moja ajaribu kuketi.

Siku ile ya ajali alikuwa anateremka kutoka machimbo, mzigo umejaa. Akakanyaga breki, pikapu ikainamisha pua, akakata kona. Tairi likapanda likauma bati kwa ndani. Usukani ukagoma. Hakuwa amesinzia wala hakuwa anashindana na mtu. Gari lilimkatalia, basi, likaenda lilikotaka.

Na ile sabini na moja? Hiyo nayo ni yangu. Mshale wa spidi hauioni barabara, unahesabu mizunguko ya gurudumu tu. Matairi ya kiwandani yalikuwa ya inchi ishirini na nane. Ukifunga makubwa zaidi, kila mzunguko unameza njia ndefu zaidi, na mshale hauna habari. Mumeo alikuwa anauangalia unasema sitini, kumbe ardhi inapita chini yake kwa sabini na ushee. Alimwambia askari, "Afande, mimi niko sitini," askari akamwona mwongo. Ukamwona mwongo na wewe. Mimi nilikuwa nayajua hayo tangu siku ya kufunga, nikasema moyoni nitamwambia kesho. Nikasahau kwa kusifiwa.

Hilo si baya kuliko yote. Walipoivuta pikapu mpaka kwangu, nilichungulia chini ya madigadi nikaona bati limelambwa mpaka linang'aa kama sufuria mpya. Nikaelewa palepale. Dada, unajua nilifanya nini? Nilichukua nyundo nikalinyoosha. Nikapaka rangi nyeusi. Watu wakaja wakasema, "Huyo alikimbiza," nami ambaye hata usingizini nasema, nikanyamaza.

Siku ya nne nikampelekea machungwa hospitalini. Akasubiri Mama atoke kuteka maji, akazitazama kucha zangu zenye weusi, akaniuliza taratibu, "Shemeji, rangi imekauka?"

Nikajitia sielewi. Nikamuuliza rangi gani.

"Nimeendesha miaka kumi na saba," akasema. "Najua gari likishikwa na kitu linavyotetemeka mikononi. Wewe usiseme. Fundi anakula jina lake, jina likifa na gereji imekufa. Mimi nina mke mmoja tu wa kumwomba radhi, na huyo atanisamehe."

Hujamsamehe, dada yangu. Simlaumu mtu, wewe umehukumu kwa ushahidi uliopewa, na ushahidi nimeupaka rangi mimi. Lakini ungemwona. Madaktari wanasema mfupa unaunga vizuri. Chakula ndicho hakiendi. Simu anailaza kifuani, sauti ameifungua mpaka mwisho, ikilia wagonjwa wote wanashtuka, yeye anaitazama kisha anairudisha palepale. Nilimtania nikamwambia ataiatamia mpaka iangue vifaranga. Tumezoea kutukanana mimi na yeye tangu siku ya posa yako. Safari hii hakunirudishia hata tusi moja. Nikatoka nje nikalia karibu na bomba, mtu mzima na ndevu zangu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Naona walikosea kidogo. Asiyesikia nilikuwa mimi, guu likavunjika la mwenzangu.

Juzi niliyashusha yale matairi. Nimefunga ya thelathini, yaleyale aliyoyataka yeye. Nikapakia kokoto mpaka juu, nikazungusha usukani kulia na kushoto hadi mabega yakaniuma, nikateremka nayo kilima taratibu nikikanyaga breki. Tairi haligusi bati. Nilimwita mama muuza matairi aje ajionee. Nilitamani anicheke, ningepata nafuu. Hakucheka. Alinifuta grisi shavuni kwa ncha ya khanga yake akaondoka.

Lile bati nimelikwangua rangi, nikalifungua, nikalitundika getini kwa waya pale kila mteja anapopita. Wanauliza, nami nawaeleza: nililipima kwa kiganja, mume wa dada yangu yuko hospitali. Wawili wamegeuza magari yao wakaondoka. Nimewaacha. Mmoja alikaa, akaniambia nipime tena, safari hii kwa futi. Nikapima mara tatu.

Mumeo hajui kuwa bati liko getini, wala hajui kuhusu barua hii. Atakasirika. Na akasirike, labda hamu ya kula itarudi.

Mama anakusalimu, anasema usibebe wazee peke yako, mgongo hauna duka. Binti yako anakusalimu, amekuchorea baba yake na mguu wa plasta mrefu kuliko kitanda, picha nimeikunja humu ndani. Shangazi naye hajambo, anauliza kama zile dawa za macho umezipata. Mungu akulindie mikono inayowainua watu wasio ndugu zako, na akupe moyo wa kunivumilia mimi niliye ndugu yako.

Matusi yangu yaandae, nitayapokea yote, hata kwa awamu. Ila kabla ya mimi, mpigie yeye. Simu iko kifuani pake, haitalia mara mbili. Usimweleze nani amekuambia. Mwambie tu mshale ulisema sitini.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata kabla hujanisamehe,

Profesa (cheo kimesimamishwa)