Lebo za Mabegi ya Watu

Mshauri wetu mpendwa, nakuja kwako kuomba msaada, na ujue anayekuandikia kwa kawaida ndiye anayeombwa ushauri, maana mimi ni fundi wa mabegi, na si wa kubahatisha, kuna begi langu lilianguka kutoka ghorofa ya nne likapasua sakafu, lenyewe likabaki zima, zipu haikutoka hata jino moja, muulize yeyote mtaani. Shule niliiacha mapema, lakini kichwa hakijawahi kuniangusha, ila safari hii ulimi umeniponza.

Mabegi ya wasafiri yakija kutengenezwa huwa yana zile lebo za ndege kwenye mkono wa kubebea, mimi nazikata na badala ya kuzitupa nazipigilia misumari ukutani juu ya cherehani, zinapendeza, sasa miaka kumi iliyopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, akiwa bado wa kukalishwa juu ya meza ya kukatia, aliziona akaniuliza, "Mjomba, kote huku umefika wewe?" nami sijui shetani gani alinishika, nikasema, "Sasa nani mwingine?" Ndiyo kauli hiyo moja tu, mshauri, lakini uongo ni kama uzi, ukishautunga kwenye sindano lazima ushone, nikaongeza kwamba rubani aliniachia usukani anywe chai, na kwamba baridi ya kule ilikuwa kali mpaka kivuli changu kikagoma kutoka nje, nikaenda kazini bila kivuli.

Mtoto amekua, tunamwita Mama Maswali, na amechaguliwa yeye na wenzake kumi na mmoja kwenda kusoma ng'ambo muhula mzima, wanaondoka mwisho wa mwezi, na hao wenzake hawajawahi hata kuona ndege iliyosimama, basi kila wakitoka vipindini wanakuja kibandani kwangu, wanakaa juu ya makreti na madaftari yao, mimi nafundisha, nimewaambia ndege ikikata kona wote waegemee upande wa pili isije ikapinduka, wakaandika, mmoja akapigia mstari. Mpwa wangu wamemfanya kiongozi kwa sababu, wanasema, "huyu ana mjomba." Nimempa sanduku langu bora kuliko yote, na ndani ya bitana nimemshonea mfuko wa siri ambao hata mimi mwenyewe naupata kwa kupapasa, aweke humo paspoti za wote kumi na wawili na barua za shule, mwizi atakoma.

Kinachonikosesha raha ni jambo la juzi. Wenzake walipoondoka yeye alibaki akiniokotea vipande vya uzi, akaniuliza bila kuniangalia, "Mjomba, siku ya kwanza kule, ulilia?" Nikajichoma sindano. Nikasema, "Mimi? Nilie?" Akacheka kidogo, akasema, "Basi na mimi sitalia. Wewe ulienda ukarudi, na mimi nitarudi."

Mshauri, mbali nilikowahi kufika mimi ni mji wa pili kutoka hapa, nilipelekwa kujifunza ufundi miezi sita, nikakumbuka nyumbani, siku ya tatu nikarudi nikamwambia dada kozi imekwisha. Nikimwambia mtoto ukweli ataogopa asiende, nikinyamaza nitamuaga kwa uso gani? Nifanye nini?

Fundi Lebo

*

Fundi Lebo,

Nimecheka, sikufichi, hicho kivuli kilichogoma kimefanya chai inipalie. Halafu nikafika kwenye mfuko wa siri, kicheko kikaisha. Kaka yangu, sanduku kubwa halikai na msafiri! Linachukuliwa uwanjani, linafungwa lebo kama hizo ulizopigilia ukutani, na mwenyewe halioni tena mpaka afike aendako. Umezikata miaka yote hukuwahi kuuliza za nini? Hebu waone hao watoto kumi na wawili mbele ya ofisa anayetaka paspoti, na paspoti zimo ndani ya bitana, na sanduku limeshaingia tumboni mwa ndege.

Kwa hiyo la kusema au kutosema halipo tena. Leo hii fumua huo mfuko kwa mkono wako ule ule. Shona vipochi kumi na viwili vya kuvaa shingoni, kila mtoto abebe karatasi zake. Wakija, mwite na mwalimu wao, uwaambie wazi: "Ya ndege niliyatunga. Yafuteni." Watakucheka. Cheka nao. Kisha wafundishe kufungua zipu iliyokwama, maana hapo hakuna wa kukuzidi.

Usukani na kivuli nakusamehe. Nisichokusamehe ni ule uongo mfupi: "Mimi? Nilie?" Mtoto alikuwa anakuomba ruhusa ya kuogopa, ukamnyima. Kabla hujawaambia wengine, mkalishe peke yake umsimulie mji wa pili, siku zote tatu. Kitanda kilikuwaje, ulimkumbuka nani, ulilia saa ngapi. Maana ulilia, fundi, usinidanganye na mimi! Mwambie ulirudi kwa sababu hukuwa na wa kumwambia. Yeye anao kumi na mmoja. Akilia amwambie mmoja wao, na mmoja wao akilia, yeye amsogelee. Safari yako ya kweli ni hiyo moja, na ndiyo anayoihitaji.

Unahofia ataogopa. Anaogopa tayari, ndiyo maana alibaki kuokota uzi. Alikuwa anatafuta mtu wa kuogopa naye.

Lebo ziache ukutani, zinapendeza kweli. Ila ng'oa moja ya katikati, acha msumari mtupu. Mtoto akirudi atakuletea yake, uitundike hapo, na mteja akiuliza, "Fundi, kote huku umefika wewe?" umwonyeshe hiyo moja, umwambie, "Hapa alifika mpwa wangu." Baada ya hapo jisifu mpaka sauti ikukauke, ndugu yangu. Utakuwa na haki.