Bango la "Haina Harufu"

Jeonju, 3 Septemba 1994

Kwako Dada Gye-ok mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umekuruhusu kukaa kwenye cherehani bila kugombana nao. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mume wangu Byeong-tae anakusalimu, na mama mkwe anauliza kama bado unatafuna ngisi wakavu mpaka taya zikuume.

Barua yako nimeipata. Umesema safari hii, kabla ya sikukuu ya mavuno ya Chuseok, utakuja Jeonju na kwenda benki moja kwa moja, unione nimeketi nyuma ya dirisha langu. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, dada. Jibu lake liko huku chini, usiliruke. Kwanza nikusimulie habari za mama mkwe, maana bila yeye jibu halitaeleweka.

Unajua anauza doenjang sokoni, wanakomwita Mama wa Imsil kwa jina la alikotoka; ile soya yenye harufu kali anayoichachusha mwenyewe kwenye mitungi ya uani. Usichojua ni jinsi anavyoiuza. Mtungi ni uleule, upawa uleule, lakini maneno hubadilika kwa kila anayesimama mbele yake. Akija bi harusi wa kwenye maghorofa, anayewaogopa majirani, humwinamia kama anampa siri: "Mwanangu, pika na boga na kitunguu, dakika kumi tu. Jirani hatajua umekula nini." Akija Mzee Noh, aliyefiwa na mkewe na hajui hata kuosha mchele, humwambia achukue kijiko kimoja, amwagie maji ya moto, supu tayari. "Ukishindwa na hiyo, mzee, basi oa!" Na wakija mabibi, wale waliotwanga soya tangu usichana wao, hasemi kitu. Huchota kidogo, huwapaka kidoleni, hutazama kando. Wanaonja, wanafungua mikoba.

Siku moja nilimuuliza kama huo si uongo wa aina fulani. Alinitazama kama niliyemwaga chumvi. Alisema hajawahi kumwambia mtu jambo lisilokuwamo mtungini; ila mambo ya mtungini ni mengi, na kila mtu huja sokoni akitafuta lake.

Basi mimi, msomi wa familia, nikajiona najua zaidi. Mwezi wa saba nikachora bango kubwa kwa herufi nyekundu: DOENJANG YETU HAINA HARUFU. Nilitaka kuwavuta wale vijana wa maghorofani, na kweli walikuja. Lakini mabibi walisimama, wakasoma, wakanong'onezana. Mmoja akapaza sauti soko zima lisikie: "Haina harufu? Basi hiyo ni ya kiwandani! Mama wa Imsil kazeeka, sasa anatuchezea." Siku nne hakuna bibi hata mmoja aliyesimama kwetu. Jina alilolijenga miaka thelathini, dada, nimelichafua kwa brashi moja. Nililia nyuma ya magunia ya chumvi.

Mama mkwe hakunigombeza, wala hakulishusha bango. Aliniambia niongeze maneno matatu tu chini yake: ukipika na boga. Kisha akaleta kutoka uani mtungi mdogo wa miaka mitatu, akauweka ncha ya pili ya meza, upande unakotoka upepo, akaufunua. Basi, hakufanya zaidi. Harufu ikapita kwa wauza samaki, ikakata kona, ikafika kituo cha basi. Vijana wakaendelea kusoma bango upande huu, mabibi wakafuata pua zao upande ule. Yule mwenye mdomo ndiye aliyefika wa kwanza. Alinyoosha kidole bila hata salamu, akapakwa, akalamba, akafumba macho. "Sasa mbona mlikuwa mmeificha?" Nilicheka mpaka machozi. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mama mkwe siku ile.

Sasa jibu. Ukienda benki, dada, hutanikuta. Niliacha kazi mwezi wa pili. Yule bosi mpya mwenye viatu vinavyolia, niliyekuandikia habari zake mwezi wa tano, nilimtunga. Uliacha shule ukiwa na miaka kumi na mitano, ukaenda Gangneung kuanika ngisi, ili mimi nisome na nivae sare ya benki. Najua, na ndiyo sababu nimekuwa mwoga. Mama mkwe mikono imeanza kumtetemeka na hana binti, lakini hakuniomba. Mimi ndiye niliyemwomba anifundishe. Kule dirishani nilikuwa navizia saa ya kutoka. Hapa uani nasahau hata kuangalia saa.

Baba nimemwandikia juu ya heshima ya mitungi ya vizazi vitatu, akaridhika. Mama nimemwandikia kwamba siku hizi mchana nakula nyumbani chakula cha moto, akafurahi. Yote ni kweli. Barua ya kwako nimeichana mara tatu, kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta nakuchagulia maneno kama mteja. Nikamuuliza mama mkwe, wewe ungemwambia nini dada yangu? Alichukua kibakuli, akakifunga kwa kitambaa, akanikabidhi, akatazama kando.

Kibakuli hicho kimo ndani ya kifurushi hiki. Ni cha mtungi wangu wa kwanza, nilioutia chumvi kwa mikono yangu mwenyewe. Doenjang yake bado ni changa, na chumvi imezidi. Onja kwa kidole. Ukikasirika una haki, na ukinyamaza nitangoja. Lakini ukija Jeonju usiende benki. Shuka kituo cha sokoni, ufuate harufu.

Msalimu shemeji, wabusu watoto, na mgongo huo uufunge kitambaa cha moto.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Chun-im