Jiwe la Kuanikia Michembe

Igogo, Mwanza
14 Machi 1993

Kwa Shangazi Teodora,

Shikamoo. Hapa Igogo tunaendelea, isipokuwa mke wangu Rebeka ana mafua ya wiki nzima. Mgongo wako unakusumbuaje siku hizi? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja ameshazaa?

Nina habari ambayo sikutaka ikufikie kwa midomo ya watu wa mnadani. Nimepata kazi, Shangazi. Tangu tupunguzwe kiwandani nilikuwa nimeanza kuzoea kukaa barazani kama mzee, na sasa nimeajiriwa. Kuna kampuni ya wawekezaji inafungua uwanja wa michezo ya milimani. Watu wa mjini, wazungu, Wahindi na hata sisi wenye uwezo, watakuja asubuhi, watafungwa mikanda na kamba, watapanda miamba, watavuka daraja la kamba kutoka jiwe hadi jiwe, wateremke kwa kuning'inia, wale nyama choma, na jioni warudi nyumbani wamechoka na kufurahi. Na mlima waliouchagua ni huo wetu, hapo hapo juu ya nyumba yako.

Mimi ndiye niliyewatembeza mwezi wa pili. Mvua ilitunyeshea, lakini niliwafikisha hadi kwenye lile jiwe bapa la kileleni. Waliiona ghuba yote na kivuko cha Kigongo kikikata maji, wakasema hawajapata kuona mahali kama pale. Waliniuliza kama kuna mtu anayetumia kilele. Nikawaambia hakuna, ni mawe matupu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ngosha, akasema niweke sahihi ya kuthibitisha hivyo kama mzaliwa wa pale, nikaweka. Wiki ileile wakanichukua niwe mwongozaji wa kamba.

Ufunguzi ni Jumamosi, tarehe tatu Julai. Siku hiyo wanakijiji wote wataingia bure, na wewe nimekuombea kiti cha mbele.

Mwanao,
Venant


Usagara
2 Aprili 1993

Mwanangu Venant,

Marahaba. Mgongo unauma kama kawaida yake, ng'ombe amezaa dume, na Rebeka mwambie achemshe tangawizi. Salamu zimekwisha, sasa tukae.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya tatu nilimwita Suzana jirani yangu anisomee kwa sauti, nikidhani macho yananidanganya. Hayakunidanganya. Umeandika kwamba ni mawe matupu.

Mama yako alipofariki, kaka yangu Malimi, baba yako, alikuleta kwangu umefungwa kwenye khanga, na chakula kigumu cha kwanza ulichokula nyumba hii ni michembe. Viazi vitamu nilivyovikata kwa mkono wangu na kuvianika pale juu. Ulipokwenda shule ya bweni nilikufungia mfuko wa michembe na karanga, na katika barua yako ya kwanza hukuuliza kama nipo hai, uliomba mfuko mwingine. Jiwe lile ndilo jamvi la wanawake wa kijiji hiki. Kila mmoja ana mstari wake, ameupokea kwa mama yake au kwa mama mkwe wake. Wa mama yako uko upande wa ziwani, na tangu afariki hakuna mwanamke aliyeugusa. Mwezi wa sita na wa saba kilele kizima kinakuwa cheupe, hata wenye mabasi wanakiona toka barabarani.

Unawapeleka wageni mvua ikinyesha, halafu unasema hapatumiki. Nani anaanika michembe kwenye mvua? Ungewapeleka kanisani siku ya Jumanne wangeandika kwamba dini imekufa Usagara.

Na sheria ya jiwe umeisahau? Anayepita hapiti hivi hivi. Ukikuta michembe imeanikwa, iwe ya ndugu yako au ya mtu mliyegombana naye asubuhi, unachuchumaa, unageuza vipande vya mstari mmoja, ndipo unaendelea na safari yako. Nilikuchapa kwa ajili hiyo siku ulipoiruka ukikimbilia mpira. Ulilia, ukarudi, ukageuza.

Eti watu watalipa ili wapande mlima wachoke. Mimi nachoka tangu kabla ya Uhuru na hakuna aliyenikatia tiketi. Wanasema siku hizi kila kitu ruksa. Mimi mbona sikuulizwa? Ngosha hajawahi kupandisha hata ungo mmoja pale juu, yeye hula kilichoshushwa. Mahindi mwaka huu yamekauka yakiwa na kimo cha goti. Tulichonacho ni viazi. Visipokauka sawasawa, mwezi wa kumi na mbili kijiji hiki kitalala njaa, na wewe unajua. Rudi kwa watu wako uwaambie ulikosea.

Barua hii nampa Mayala anayepeleka maziwa mjini. Anapita Igogo kila siku, kwa hiyo usiniambie hukupata.

Shangazi yako,
Teodora


Igogo, Mwanza
25 Aprili 1993

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Tangawizi imefanya kazi, Rebeka anakushukuru.

Maneno yako nimeyapokea. Lakini Shangazi, uzio wa kuuzunguka mlima umeshajengwa, mwenyewe umeuona. Daraja la kamba liko tayari, ngazi ziko tayari, vifaa vimetoka Nairobi. Nitasimamaje leo niwaambie ng'oeni? Ninaweza kufukuzwa kesho, na kazi zenyewe unajua zilivyo.

Nimekaa nikafikiri. Kwa nini msianike uani, au juu ya mabati? Jua ni lilelile. Na Meneja amesema akina mama watapata faida, atawaita mje kucheza ngoma getini wageni wanapofika. Tena, nisamehe kusema, michembe ni chakula cha wakati wa shida. Maduka siku hizi yamejaa, si kama ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Mambo yanabadilika na sisi tubadilike nayo.

Usinikasirikie.

Mwanao,
Venant


Usagara
9 Mei 1993

Venant,

Salamu nimezibakiza nyumbani.

Maduka yamejaa, ni kweli. Juzi nilikwenda hapo njia panda nikayatazama. Kuna sukari, kuna mafuta ya kupikia ya kopo, kuna sabuni za rangi tatu. Nilipomaliza kutazama nikarudi nyumbani, maana kutazama bado ni bure.

Uani kuna kuku, kuna mbuzi, kuna mchanga, na usiku ardhi inatoa unyevu. Jiwe linashika joto la jua hadi alfajiri na upepo wa ziwani unapita juu yake, ndiyo maana michembe yetu hukaa mwaka mzima bila kuoza. Hayo niliyokufundisha ukiwa huwezi hata kufunga vifungo vya shati, leo nakuandikia kama naandikia mgeni. Na mabati unayoyasema yako juu ya paa. Unataka nipande paa na mgongo huu?

Kuhusu ngoma. Nisimame getini kwa mlima wangu, nicheze, ili mgeni aingie na mimi nibaki nje? Siku nikifa mtacheza mnavyotaka. Nikiwa hai sichezi.

Usiniandikie tena mpaka uwe umewaambia.

Teodora


Igogo, Mwanza
19 Juni 1993

Kwa Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuamkia hata kama hutaitikia. Mayala ananiambia unapita njia ya mbali ili usiuone uzio, na kwamba viazi vimeshaanza kuchimbwa. Rebeka anauliza mgongo.

Nimewaambia. Nilikwenda ofisini kwa Meneja nikamweleza habari za jiwe na michembe na mistari ya akina mama. Alinisikiliza vizuri tu. Nilipomaliza akasema kijiji kilishakubali, na mtu wa kijiji aliyethibitisha kwamba pale hapana kitu ni mimi. Kisha akaniuliza kama kamba za upande wa mashariki nimezikagua. Nilitoka nikaenda kuzikagua.

Kuna jambo jingine, naona haya kuliandika, lakini nimeagizwa. Siku ya ufunguzi wageni wakishapanda watapewa chakula cha kienyeji. Meneja amesikia kwamba Wasukuma wana michembe na ameipenda sana habari hiyo. Anataka gunia moja, nyeupe, safi. Aliniuliza ni nani anayetengeneza nzuri, nikashindwa kusema uongo, nikakutaja.

Mwanao,
Venant


Usagara
24 Juni 1993

Venant,

Marahaba, kwa kuwa umeamkia.

Wanataka michembe. Nilicheka mpaka Suzana akatoka mbio akidhani nimepokea msiba. Halafu nilipoacha kucheka nikakasirika, nikakasirika hata chakula cha jioni kikanishinda. Wamefunga jiwe la kuianikia, kisha wanakuja kuniomba iliyokauka. Viazi vyangu vya kwanza nilivianika uani kama ulivyonishauri. Vimeota ukungu mweusi. Nimewapa nguruwe wa Suzana, nao wamechagua.

Mwambie Meneja wako asiwe na wasiwasi, michembe ataipata. Si umesema siku ile wanakijiji wanaingia bure? Tutakuja.

Teodora


Igogo, Mwanza
6 Julai 1993

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia saa nne asubuhi ya siku ya kazi, kwa hiyo unajua kwamba kazi sina.

Wewe ulikuwa umekaa juu na wenzako, hukusikia niliyoambiwa, na mengine yalisemwa kwa Kiingereza. Nataka uyajue yote, kwa sababu nimekasirika na hasira yenyewe sijui niielekeze wapi, nyingine inakuja kwako.

Alfajiri mlipofika getini na vikapu vimefunikwa khanga, mlinzi aliniuliza kama awaruhusu. Nikamwambia waache, ni chakula cha wageni. Nilifurahi, Shangazi. Nilidhani umenisamehe. Sikujua kwamba mna viazi vibichi mlivyokata usiku kucha, wala kwamba mtazunguka njia ya nyuma, ile ya tangu enzi za babu, wakati sisi tunajaribisha kamba upande wa mbele.

Saa tano nikapanda na kundi la kwanza. Nilikuwa wa mbele. Nikatoa kichwa kileleni, nikakuta peupe. Jiwe zima, ncha hadi ncha, na nyinyi mmekaa pembeni mmenyoosha miguu kama wenye mji. Wageni chini yangu wananing'inia wanauliza kuna nini huko juu, na mimi nimeng'ang'ania ukingo wa jiwe na kofia yangu ngumu.

Meneja akapanda kwa ngazi. Alipoona, akaniambia kwa sauti ya chini, "Fagia hizi takataka, sukuma zote chini." Akaniletea ufagio yeye mwenyewe. Mzee Ngosha alikuwa nyuma yake amevaa suti, akatazama viatu vyake.

Sitakudanganya, ufagio niliupokea. Nilifikiria kodi ya nyumba, nikamfikiria Rebeka. Nikaenda hadi mstari wa kwanza, nikaona ni wako, maana hakuna mwingine anayekata vipande vinene vile. Nikachuchumaa. Nilikusudia kuanzia pale kufagia. Badala yake nikauweka ufagio chini nikaanza kugeuza. Nilikuja kushtuka nimefika katikati ya mstari, mkanda kiunoni, kamba inaburuta nyuma yangu. Kulikuwa na mama mmoja mzungu, mwalimu wa huko Kirumba, akachuchumaa pembeni yangu akageuza naye, akidhani ni sehemu ya michezo. Wengine wakamfuata. Uliwaona.

Meneja akaniuliza vitu hivi ni vya nani. Nikasema ni vyetu. Akaniuliza si wewe uliyeweka sahihi kwamba hapatumiki? Nikasema ndiyo, niliweka, na nilisema uongo kwa sababu nilitaka kazi. Akanivua kofia kwa mkono wake, mbele ya watu.

Kumfukuza mtu ni haki yake. Lakini neno lile takataka haliniondoki kichwani. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Chakula kilichonisomesha, mtu aliyekaa nchini miezi minane anakiita takataka, na kabla ya hapo alikuwa ananiomba gunia. Na wewe, Shangazi, ungeweza kunidokeza. Mimi ndiye niliyeaibika kati yenu na wao.

Rebeka amesoma barua hii kabla sijaifunga. Anasema nilitakiwa kuuvunja ufagio.

Mwanao,
Venant


Usagara
1 Agosti 1993

Mwanangu Venant,

Marahaba, marahaba tena, na ile ya mwezi wa tano niliyokunyima nakurudishia. Rebeka hajambo? Mwambie nimempenda zaidi kwa habari ya ufagio. Mgongo umetulia, nadhani ni kwa sababu ya kulala chali juu ya jiwe lenye joto.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa tulikuwa tunaanika. Unasema ningekudokeza. Ningekudokeza ungetafuta maneno ya katikati kama yale ya mabati. Nilikujua. Ila sikujua utafanya nini ukifika pale juu, na wiki ile yote kabla ya ufunguzi sikulala, maana kama ungefagia nisingekuwa na mtoto tena. Sahihi yako sijaisamehe. Nitaisamehe polepole, tukiwa tunaonana.

Kuhusu mlima, mambo hayajaisha na usidhani tumeshinda. Uzio upo. Jumamosi wageni wanakuja na kamba zao, wanapiga kelele kwenye daraja, na sisi siku hiyo tunakaa chini tukiwatazama wakilipia jasho. Siku nyingine tunainua waya wa uzio, tunapita njia ya nyuma. Ngosha ameitwa na akina mama, tukamketisha kwenye kiti cha mbele alichokuwa amekalia siku ile, akaulizwa maswali hadi akaomba maji. Ameahidi kuwaita watu wa wilaya waje waone kama jiwe linatumika. Nimemwambia waje sasa, limejaa. Hawajaja. Wanangoja mwezi wa pili, mvua inyeshe.

Kampuni imeweka mlinzi wa kilele atuzuie. Wamemwajiri Pius, mume wa Suzana. Asubuhi anapanda na rungu lake, anatuambia kwa sauti kubwa kwamba hapa hairuhusiwi, kisha anachuchumaa, anageuza mstari mmoja, anaendelea na ulinzi. Jioni akishuka anageuza mwingine.

Gunia analoleta Mayala ni lenu, si la Meneja. Chemsheni na karanga.

Njooni Jumapili baada ya misa, mpande wote wawili. Njia ya nyuma unaijua. Mstari wa mama yako upande wa ziwani nimeufagia, uko wazi. Mwambie Rebeka aje na kisu.

Shangazi yako,
Teodora