Pointi za Tangi la Mama

Jumatatu, 2 Septemba
Asubuhi duka la jumla, kama kawaida. Mchele na mafuta ya mgahawa. Nimelipa kwa kadi ya benki, pointi zimeingia kwenye simu kabla sijafika mlangoni. Hapa Nyasho, Musoma, wananiita Mama Pointi. Waniite tu. Hata sukari ya majirani nanunua mimi: wao wananipa taslimu, mimi napitisha kadi, pointi zinabaki kwangu. Hakuna anayeumia.

Dukani pointi ni hela. Nataka tangi la maji la lita elfu moja, limfikie mama yangu kule Butiama kabla ya mvua. Goti lake limekwisha na bado anashuka kisimani kila alfajiri. Nikifikiria nashikwa na hasira, sijui namkasirikia nani.

Alhamisi, 5 Septemba
Dada wa kaunta kanipa habari mbaya. Pointi zisizotumika hadi mwisho wa mwezi huu zinafutwa. Zote. Nimekaa juu ya gunia la mchele. Bei ya tangi bado robo nzima.

Jumapili, 8 Septemba
Leo nacheka peke yangu. Kikao cha harusi Bunda, kwa kaka Marwa. Anamuoza mwanawe mwisho wa mwezi, na manunuzi nimepewa mimi. Mchele, soda, mafuta, vyote vitapita kwenye kadi yangu.

Nimepiga hesabu njiani. Pointi bado kidogo. Kinachoniharibia ni ng'ombe: mnadani ni taslimu tu. Lakini duka lina nyama kwenye friji. Kilo si ni kilo?

Jumamosi, 14 Septemba
Nimelisema kikaoni, la nyama ya friji. Shangazi akainuka akatoka nje. Kaka hakupaza hata sauti.

“Rahel, kwetu ng'ombe wa harusi anaingiaga kwa miguu yake. Hiyo ya friji, mjomba tutamgawia nini?”

Kila sehemu ya ng'ombe ina mwenyewe, nalijua hilo tangu mdogo. Mjomba angerudi kwake na nini, mfuko wa nailoni? Manunuzi nimenyang'anywa, kapewa shemeji. Aibu. Na hasira pia, sitadanganya. Mimi niliyekulia zizini nimetaka kuwalisha wazee barafu. Kadi imenipofusha.

Jumanne, 17 Septemba
Leo nusura nifanye kichekesho kingine. Nimejaza kwenye toroli pasi mbili na feni ili pointi zitimie. Kwenye kaunta nikajiuliza pasi mbili za nini, mgahawa wenyewe hauna hata kitambaa cha meza. Bei yake ilizidi hela iliyopungua kwenye tangi. Nimerudisha vyote.

Dada wa kaunta hakucheka. Akasema mbona lipo tangi la lita mia tano, pointi zako zinalitosha na chenji inabaki. Muda wote huo sikuwahi kuuliza. Mama anaishi peke yake. Lile la elfu moja lilikuwa la kuwaringia majirani zake, ukweli ndio huo.

Jumamosi, 21 Septemba
Tangi nimelichukua. Liko uani, kuku wameshaligeuza kivuli chao. Pointi zilizobaki nimechukulia mafuta ya kupikia ya harusi. Nimempigia kaka, nikamwomba radhi, nikamwambia tangi la mama nimelipata na mafuta ni mchango wangu. Akauliza tangi litafikaje Butiama. Nikasema sijui.

“Gari la kumfuata ng'ombe huko Butiama linatoka hapa tupu. Nitalipitisha Musoma.”

Nimelia kidogo. Furaha.

Jumatano, 25 Septemba
Butiama. Tangi limeshuka, ng'ombe kapanda. Kapanda kwa miguu yake, kaka kahakikisha nimeona. Fundi kafunga mfereji wa maji ya mvua chini ya bati. Mama kalizunguka tangi, kaligonga kwa mkono, kauliza nimelipa ngapi. Nikamweleza habari za pointi, kwamba duka linarudisha kidogo kila ukilipa. Akasema basi siku zote walikuwa wananipunja.

Jumapili, 29 Septemba
Harusi imepita salama. Mjomba kapata sehemu yake. Shangazi kanisalimia, kisha kauliza kama na yeye anaweza kupata kadi.

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimelala kwa mama. Mvua ilianza jioni, ikanyesha vizuri. Alfajiri nimeamka kwa mazoea, nikasikiliza mlango wake. Haukufunguka. Ndoo yake ya kisimani iko palepale ukutani. Nimechota maji kwenye tangi, nikabandika chai taratibu nisimwamshe. Jua limetoka. Bado amelala, namsikia akikoroma.